Nilivyoandika upya vichwa vya kurasa za duka la cherehani

Kurasa zote za duka moja la cherehani la Kariakoo zilikuwa na kichwa kimoja, yaani ule mstari wa kubofya unaoonekana kwenye matokeo ya Google: "Nyumbani", kisha jina la duka. Kiolezo cha tovuti ndicho kilichokijaza na hakuna aliyekigusa. Aliyetafuta bei ya cherehani ya mguu aliletewa na Google mstari usiotaja cherehani wala bei.

Nilianza na maneno ya wateja wenyewe. Ripoti ya utendaji ya Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, huonyesha yale watu waliyoandika hadi wakauona ukurasa. Wanaandika "spea", vipuri ni neno la kwenye makaratasi. Wapo wanaoandika "cherehani" na wapo wa "cherahani". Kichwani niliweka tahajia moja tu. Ile ya pili niliitumia mara moja ndani ya ukurasa.

Ukurasa mkuu ukawa: "Bei za Cherehani Mpya na Spea, Kariakoo Dar es Salaam". Hizo ni herufi 53 pamoja na nafasi. Google haijaweka kikomo cha herufi, bali hukata kwa upana. Kwenye kompyuta ni kama pikseli 600, sawa na herufi 50 hadi 60. Kiswahili kimejaa m na w, ambazo ni pana kuliko i na l, kwa hiyo mimi huishia 55. Ukiandika kwa herufi kubwa tupu, kichwa kinakatika mapema zaidi. Kinachokatwa ni mkia, basi bidhaa ikae mbele, na jina la duka likikosa nafasi liache. Kurasa za cherehani ya mguu, ya umeme na ovaloki (ile ya kufunga kingo za nguo), kila moja ikapata kichwa chake.

Kwenye maelezo, yaani maandishi madogo yanayokaa chini ya kichwa kwenye matokeo, niliandika: "Cherehani za mguu, za mkono na za umeme. Bei ya kila moja, spea zilizopo dukani na gharama ya kutuma mzigo mikoani." Herufi 115. Kompyuta huonyesha hadi 155 hivi, lakini simu huishia karibu na 120, na wateja hawa wako kwenye simu. Maelezo hayaupandishi ukurasa kwenye matokeo. Google ilishasema hivyo mwaka 2009, ilipotangaza pia kwamba kupanga matokeo haitumii kabisa lile sanduku la maneno muhimu ambalo mwenye tovuti hulijaza nyuma ya ukurasa. Kazi ya maelezo ni kumshawishi mtu abofye, na gharama ya mzigo ndiyo swali la kwanza la fundi wa Tabora au Songea.

Ukurasa wa mikasi ulinipa taabu. Maelezo yaliishia "Mikasi ya fundi ya 10" na kilichofuata hakikuonekana. Kumbe alama ya inchi ni ile ile ya kufungia nukuu kwenye msimbo wa ukurasa (HTML), kwa hiyo kivinjari kilidhani maelezo yamekwisha hapo. Andika neno "inchi", tatizo limeisha.

Halafu kuna Google kubadilisha kichwa chako. Tangu Agosti 2021 imekuwa ikichukua zaidi maandishi yaliyomo kwenye ukurasa, hasa kile kichwa kikubwa ambacho msomaji hukiona juu ya ukurasa wenyewe. Chetu kilisema "Karibu", na matokeo nayo yakasema "Karibu". Nilikiandika kifanane na kichwa nilichokiandalia matokeo, kisha nikaomba ukurasa usomwe upya kupitia kisanduku cha kukagua anwani cha Search Console. Maelezo nayo hubadilishwa mara nyingi, hasa yasipojibu alichotafuta mtu, na hilo huwezi kulizuia lote.

Kupima, nalinganisha siku 28 kabla na 28 baada, neno moja moja. Naangalia asilimia ya waliobofya pale tu ambapo nafasi ya wastani ya ukurasa kwenye matokeo haijasogea. Ukurasa ukiwa umepanda kutoka nafasi ya 9 hadi ya 4, mibofyo ingeongezeka hata kichwa kingebaki "Nyumbani".