Siku moja maishani mwangu: kutibu upele bwenini, Newala

Saa 1 asubuhi. Nahesabu chupa za BBE (benzyl benzoate), dawa ya maji ya kupaka kutibu upele. Mtu mzima hutumia mililita 30 hivi kwa kupaka mara moja. Kwa siku 3 mfululizo, chupa ya mililita 100 imekwisha. Bweni la wasichana 80 ni chupa 80, bado za matroni na mlinzi. Zikipungua naahirisha, maana nusu isiyotibiwa itawarudishia wenzao upele.

Saa 3. Ukaguzi: katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapa, kiuno, makalio. Natafuta kamstari kafupi ka kijivu kalikojipinda, handaki anamotagia kijidudu jike. Nisipokaona, nauliza kama anajikuna zaidi usiku. Wasiowashwa nao wanaandikwa: anayeambukizwa mara ya kwanza hukaa hata wiki 4 hadi 6 bila dalili, huku anawagawia wengine.

Saa 5. Wenye usaha nawatenga, kwanza antibayotiki; BBE kwenye kidonda kibichi huunguza. Aliyevimba uso au anayekojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi anakwenda hospitali leo hii, kwani bakteria wa vidonda hivyo huweza kudhuru figo.

Saa 8. Maji, na huku juu kwenye uwanda wa Makonde yananunuliwa kwa ndoo. Basi hatufui kila kitu. Mashuka na nguo za siku 3 zilizopita zinafungwa kwenye viroba, siku 3 hadi 4 asizifungue mtu. Kijidudu kikikosa ngozi kinakufa. Magodoro yanaanikwa, hayachomwi!

Saa 11 jioni. Wameoga, wamekauka, kucha zimekatwa. Wanapakana wawili wawili, shingoni hadi nyayo, chini ya kucha, mgongoni. Mtoto mchanga wa matroni hapakwi BBE ya watu wazima; wake ni mafuta ya salfa.

Saa 1 usiku. Ugali. Hapa ndipo dawa inapopotea: wakinawa, vidole vimebaki vitupu, na ndiko upele ulikojaa. Kila anayetoka bwaloni anapakwa mikono upya mlangoni.

Saa 2. Namwachia matroni maelekezo: kesho na keshokutwa hivyohivyo. Muwasho utaendelea wiki 2 hadi 4 hata vijidudu vikiwa vimekufa, kwa hiyo asiwaongezee dawa, itawachubua. Wiki ya nne narudi kutafuta mistari mipya. Barua kwa wazazi ziende kabla ya likizo, nyumba nzima itibiwe kwa wakati mmoja.