Mkanda Uliokuwa Ukikimbilia Kushoto

Mei 2006, mvua zilikuwa zimekatika, na majani ya shamba la mjomba kwenye barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, yalikuwa tayari kukatwa. Muda huo ni mfupi. Baadaye moto wa porini unaanza kupita, na ng'ombe asiyewekewa akiba anabaki na majivu hadi mvua zirudi mnamo Oktoba au Novemba.

Mashine yetu ya kufunga majani ilikuwa kuukuu, ya aina inayoviringisha robota kwa mikanda mipana ya mpira inayopita juu ya rola. Mkanda wa mwisho, upande wa kushoto, ulikuwa ukikatika kwenye kiungio. Tukiunga, unakatika tena. Fundi wa trekta alisema mikanda imezeeka, tuagize yote mipya kutoka nje. Hata tungepata pesa, majani yasingesubiri.

Mke wa mjomba ndiye aliyemkumbuka jirani yao wa zamani wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mzee aliyetumia ujana wake kwenye mikanda ya kubebea mawe ya shaba huko Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mpaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Nilimfuata kwa pikapu.

"Papa, mkanda wenyewe ni huu."

Hakuupokea. "Nitauangalia baadaye, mwanangu. Kwanza nionyeshe unapopita."

Shambani aliamuru trekta izungushe mashine polepole, tupu, akasimama kando akitazama. Mikanda yote ilikuwa inasogea kushoto kidogo kidogo, na ule wa mwisho ulikuwa unasuguana na ubao wa chuma hadi chuma kimeng'aa. Basi akazimisha trekta, ufunguo akautia mfukoni mwake, ndipo akaanza kutikisa rola moja moja kwa mkono. Rola ya nyuma ilicheza upande wa kushoto. Beringi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mvuto wa mikanda uliiburuta ncha ile ndani. Upande huo ukalegea, na mkanda hukimbilia upande uliolegea. Mimi nilikuwa nimeuangalia ule mpira uliochanika tu. Sijasahau furaha niliyoipata kuona sababu ikitokea mbele yangu.

Tulipoifungua, tulikuta kamba na majani yamejizungusha kwenye shafti, yamekazana, meusi kwa joto.

"Hapa moto ulikuwa unatafuta siku yake," mzee akasema. Mjomba hakujibu. Alitazama marundo ya majani makavu pande zote.

Beringi ilipofutwa kwa petroli ilionyesha namba 6206. Mzee alinifundisha kuisoma: tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa tano, unapata tundu la milimita 30. Nikaipata mjini, katika mtaa wa Lubumbashi uitwao Kenya, kwa muuza vipuri wa magari. Kuiingiza kwenye shafti aligonga kwa kipande cha bomba kilichokaa juu ya pete ya ndani peke yake, kwa sababu ukigonga ya nje, pigo linapita kwenye gololi na beringi mpya inaumia kabla haijafanya kazi.

Mkanda ulikuja mwisho. Mjomba alipendekeza kipande cha mkanda wa mgodini. Mzee alikataa: ni mnene mno, hautajikunja kwenye rola ndogo kama zile. Alichora mstari katikati ya mkanda wetu na kupima pembe mraba kutoka hapo, si kutoka ukingoni, maana ukingo ulioliwa unadanganya. Akakata, akapiga vibanio vya chuma, akapitisha pini, kisha akapunguza pembe za kiungio zisije zikanasa. Na kwa kuwa mkanda mmoja mfupi hubeba mzigo wa wenzake, aliipima yote na kuikata sawa na ule uliopungua. Kazi hiyo ilikula alasiri nzima, wala hakukubali kuharakishwa.

Kesho yake mikanda ilikaa katikati. Kila robota lilipotoka, mzee alisimamisha trekta na kugusa kikombe cha beringi kwa kiganja. Baada ya marobota kadhaa akaniita nifanye mimi. Kilikuwa na uvuguvugu tu. Akatoa ufunguo mfukoni, akampa mjomba, akaomba apelekwe Katuba kabla ya giza.