Siku ya kuapisha mawaziri, nikiwa nyuma ya mitambo ya sauti

Ijumaa, 17 Oktoba 2025. Saa kumi alfajiri niko macho, Ahmedabad, India. Mimi ni fundi mitambo wa sauti, mzaliwa wa Mombasa, wazee wangu asili yao Kutch, eneo la jimbo hili la Gujarat. Leo kazi iko Gandhinagar, makao makuu ya jimbo, ukumbi wa Mahatma Mandir: baraza la mawaziri la Gujarat linaundwa upya. Jana mawaziri wote 16 walijiuzulu, akabaki Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, Bhupendra Patel, peke yake.

Saa kumi na moja hadi saa mbili ni nyaya, spika, ukaguzi wa usalama na kujaribu vipaza sauti.

Saa tatu akanijia kijana mmoja, kurta nyeupe, lile shati refu la Kihindi, imenyooshwa pasi. "Ndugu, mjomba wangu anaapishwa leo. Kipaza hicho kiinue, yeye ni mrefu." Nikamuuliza jina. Nikaitazama orodha ya itifaki, maana ndiyo ninayoifuata kufungua na kufunga sauti. Halimo. Nikamwomba awaulize wahusika, mimi siteui mtu. Akaenda, akarudi na simu sikioni, eti niongee na "mkubwa". Nikakataa. Akarudi tena na wenzake wawili na mashada ya maua, wakasimama juu ya nyaya zangu, wakataka orodha waisome wenyewe. Nikaifunika kwa mkono. Akanifokea mbele ya watu, nami huku nasikilizia spika ya kushoto inayokoroma, sijui nishike lipi. Karibu saa nzima imepotea hapo.

Hata hivyo nilimhurumia. Tangu marekebisho ya katiba ya 2003, baraza la jimbo haliruhusiwi kuzidi asilimia 15 ya wabunge. Gujarat ina viti 182, kwa hiyo mwisho ni watu 27, Waziri Kiongozi akiwemo. Chama tawala kina wabunge zaidi ya 150. Saurashtra, upande wa magharibi, inataka wake, kusini inataka wake, jamii ya Wapatel inataka wake, jamii za makabila ya mashariki nazo vilevile. Wengi lazima warudi nyumbani na maua yao.

Kisha akaingia Gavana, Acharya Devvrat. Msimfananishe na gavana wa kaunti. Huyu hachaguliwi, anateuliwa na Rais wa India, na mawaziri anawaapisha kwa ushauri wa Waziri Kiongozi. Viapo ni viwili: cha kazi na cha kutunza siri. Harsh Sanghavi akaapa, Naibu Waziri Kiongozi. Rivaba Jadeja, mke wa mchezaji kriketi Ravindra Jadeja, naye akaapa. Kidole changu hakikubanduka kwenye kitelezi cha sauti. Karatasi ya kiapo ikigusa kipaza inachakarika ukumbi mzima, kwa hiyo unashusha kidogo, unapandisha, bila neno hata moja kumezwa. Kiapo ni cha wananchi, wana haki ya kukisikia chote. Walikisikia, na hilo ni jasho letu.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Kukunja nyaya, kubeba maspika, mgongo unawaka moto, foleni ya Diwali barabarani. Chai nilikunywa imepoa, nimesimama. Simu ikaleta mgawanyo wa wizara: watu 26 kwa jumla, Sanghavi kapewa Mambo ya Ndani, Kanu Desai kabaki na Fedha. Ndugu yangu wa Mombasa akaandika kuuliza kama nimepiga picha na waziri yeyote. Nikamjibu sikupata nafasi, nilikuwa kazini.