Nilivyodai haki yangu baada ya kuitwa mwizi dukani

Nilikuwa nimeshavuka mlango, risiti mkononi, mlinzi aliponikamata mkono juu ya kiwiko. "Dada, rudi ndani. Kuna kitu umeiba." Aliyasema kwa sauti kubwa hadi foleni nzima ya malipo ikageuka.

Kitu chenyewe kilikuwa hedifoni. Zilikuwa zangu, nimeingia nazo zikiwa masikioni, nikazivua nilipokaribia kulipa na kuzitia begini. Mlinzi aliniona nikizitia begini. Hakuniona nikizitoa kwenye shelfu, kwa sababu sikuzitoa huko. Sikujua wakati ule kwamba madai yangu yote yangesimama juu ya tofauti hiyo.

Walinipeleka chumba cha nyuma, mlango ukafungwa, begi likamwagwa mezani. Nikawaonyesha kwamba hedifoni zimechakaa na zinajiunga zenyewe na simu yangu. Nikasema nataka kuondoka. Nikaambiwa nisubiri meneja. Nilikaa humo karibu saa nzima, na alipofika alikuja na karatasi: nikubali kwamba nimechukua mali bila kulipa, nilipe "faini", nisirudi tena dukani. "Saini tu, uende zako nyumbani."

Hapo ndipo nilipokaribia kuanguka. Nilikuwa nalia, na ile karatasi niliiona kama ufunguo wa mlango. Ninachoshukuru hadi leo ni kwamba sikusaini. Duka halina mamlaka ya kumtoza mtu faini. Hiyo ni kazi ya mahakama. Na karatasi ya kukiri, hata ukiisaini kwa hofu, ndiyo ya kwanza kutolewa siku ukidai haki yako. Nikasema, "Basi waiteni polisi." Askari alifika, akazijaribu hedifoni kwenye simu yangu, akaniruhusu niende.

Usiku ule niliandika kila kitu kabla hakijanitoka akilini: saa, maneno yalivyotamkwa, majina niliyoyasoma kwenye vitambulisho vyao. Mkono ulikuwa na alama, nikaupiga picha, na asubuhi nikaenda kwa daktari ili iwepo rekodi. Nilikuwa pia na namba ya simu ya mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alinisubiri nje, akanipa bila mimi kumwomba.

Wakili niliyemwendea hakuniuliza kama niliiba. Aliuliza, "Mlango ulifungwa? Uliwaambia unataka kuondoka? Walikujibuje?" Kisha akaniambia jambo lililoniuma: duka kukosea, peke yake, si lazima liwe kosa. Marekani, kwa mfano, sheria za majimbo humlinda mwenye duka aliyemzuia mteja kwa sababu ya msingi, kwa muda mfupi na kwa namna ya kiasi. Uingereza kipimo ni kikali zaidi kwa asiye polisi. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia ya mtu aliyepambana na waliomkamata kwa madai ya kuiba chokoleti. Kwa kuwa alionekana hana hatia ya wizi, hakukuwa na kosa la kuwapa raia wa kawaida haki ya kumkamata. "Kwa hiyo," wakili akasema, "tusibishane kama walikushuku. Tuangalie walikushuku kwa lipi, na walikufanyia nini baada ya hapo."

Akayapanga madai yangu hivi. La kwanza, lenye nguvu kuliko yote, ni kuzuiliwa isivyo halali. Si lazima ufungwe kamba. Inatosha ukifanywa uamini kwamba huwezi kutoka. Dakika zilizofuata baada ya kuwaonyesha hedifoni ni zangu zilikuwa mbaya zaidi kwao, maana sababu ya kunizuia ilikuwa imekwisha. Kunishika mkono kwa nguvu ni shambulio. Neno "umeiba" mbele ya watu ni kashfa, na sheria nyingi zenye asili ya Kiingereza hazidai uthibitishe hasara ukisingiziwa kosa la kukupeleka jela. Ila alinionya kwamba duka lingejitetea kuwa lilisema hivyo kwa nia njema katika kulinda mali yake. Kushtakiwa kwa hila hakukunihusu, kwa sababu dai hilo huja pale kesi imefunguliwa dhidi yako bila msingi, kwa nia mbaya, na ikaisha kwa ushindi wako.

Kilichomfanya aharakishe ni kamera. Mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Siku ya tatu barua yetu ilikuwa imefika, ikiwataka wahifadhi picha za mlangoni, za foleni na za ujia wa kwenda chumba cha nyuma, na kuwaambia kwamba zikipotea tutalieleza hilo mahakamani. Pamoja nayo niliomba nakala ya picha zangu kama taarifa zangu binafsi. Katika Umoja wa Ulaya haki hiyo imo kwenye kanuni inayotumika tangu 2018, na jibu kwa kawaida hutakiwa ndani ya mwezi 1. Nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana nayo. Duka likajibu kwamba wateja wengine wanaonekana. Tukasema wazibe nyuso zao.

Picha zilipokuja, nilionekana nikiingia, hedifoni masikioni.

Kabla ya hapo walikuwa wamenipa vocha ya manunuzi, pamoja na karatasi ya kusema sina dai tena. Sikuigusa. Baada ya picha, mazungumzo yalibadilika, ingawa yalichukua miezi, na wakili alikuwa akiihesabu kwa wasiwasi. Madai yana ukomo wake, na wa kashfa huwa mfupi. Uingereza ni mwaka 1 tu. Mwishowe nilipata barua ya kuniomba radhi, uthibitisho kwamba picha yangu imeondolewa kwenye orodha yao ya watu wasioruhusiwa kuingia, na fidia iliyojumuisha gharama za daktari na wakili. Mahakama ingeweza kunipa zaidi, au kuninyima kabisa, na nilikuwa nimechoka. Walitaka pia ninyamaze kabisa. Tulikubaliana nisilitaje jina la duka, na ndiyo sababu hamlioni hapa.

Nakala ya barua ile nilimpelekea yule mama wa kwenye foleni. Aliniona nikirudishwa ndani, na nilitaka aone pia walichoandika.