Nondo hushikwaje na zege?

Watu wengi huuliza zege lina nguvu kiasi gani, lakini mimi naamini kwamba swali hilo halina maana kubwa kabla hatujajua kama zege lenyewe linaishika nondo. Nondo laini hutegemea kunata kwa saruji na msuguano tu, ilhali nondo yenye mbavu, yaani matuta madogo yaliyoinuka juu ya uso wake, huegemeza mbavu hizo kwenye zege na kuendelea kubeba mzigo hata baada ya kuteleza kidogo. Mhandisi Ernest Ransome alipata hataza ya nondo iliyosokotwa nchini Marekani mwaka 1884 kwa kulenga mshiko huo huo.

Mshiko hauongezeki sambamba na nguvu ya zege. Kanuni za Marekani za ujenzi wa zege, ACI 318, hutumia kipeuo cha pili cha nguvu ya mgandamizo, kwa hiyo zege lenye nguvu mara 4 huhesabiwa kuwa na mshiko mara 2 tu. Zege la kokoto nyepesi hupasuka mapema zaidi mbele ya mbavu, na nondo zake hudai kuzamishwa kwa urefu ulioongezwa takriban theluthi moja.

Linalonisumbua zaidi ni nondo za juu katika boriti nene, kwa sababu maji ya zege bichi hupanda, yakakwama chini ya nondo na kuacha uwazi usioonekana. Kina cha zege chini ya nondo kikizidi milimita 300, kanuni hizo za ACI huongeza urefu wa kuzamisha nondo kwa asilimia 30. Ndiyo maana huumia ninapoona maji yakiongezwa kwenye zege ili limwagike kirahisi.