Kutoka Mengineyo hadi Yatokanayo: kazi ya kamati ya tawi uchaguzi ukishapita

Kwa kamati nyingi za matawi ya vyama hapa Tanga, kazi hujaa mwaka wa uchaguzi: bendera, kofia, gari la matangazo, jukwaa viwanja vya Tangamano. Kura zikishahesabiwa, ofisi ya tawi inapigwa kufuli. Mtaani nako mkutano mkuu unaitishwa, wanahudhuria watu wachache walewale, na mtaro ulioziba masika iliyopita unaisubiri masika nyingine. Haya nayaandika kwa mwanakamati wa chama chochote anayetaka wakazi wa mtaa wake wawe na sauti miaka yote mitano, na hajui aanzie wapi.

Aanzie kwenye ajenda. Mikutano ya mtaa karibu yote hufuata mpangilio mmoja: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo (kufuatilia yaliyoamuliwa humo), taarifa ya mapato na matumizi, taarifa nyingine, mengineyo, kufunga. Mkazi aliyekuja bila maandalizi husubiri Mengineyo. Inapofika, jua linazama, watu wanataka kuiwahi magharibi, mwenyekiti anatoa nafasi kwa watatu tu, na kila aliyesema anajibiwa "tumelipokea". Mara nyingi jambo lake haliingii hata kwenye muhtasari. Lakini likiwa ajenda kamili, likajadiliwa, likaandikwa pamoja na jina la atakayelishughulikia na tarehe ya kuleta majibu, mkutano unaofuata litasomwa kwenye Yatokanayo na mtu atasimama kulijibia. Kazi kubwa ya kamati ya tawi, nionavyo mimi, ni kulitoa jambo la mkazi kwenye Mengineyo na kulifikisha Yatokanayo, kisha kuhakikisha watu wapo siku linapojibiwa.

Mipaka ieleweke mapema. Mkutano mkuu wa mtaa huitishwa na mwenyekiti wa mtaa, na anayeandika ni mtendaji wa mtaa, ambaye ni mtumishi wa halmashauri. Ni mkutano wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, wenye kadi ya chama na wasio nayo. Kamati ya chama haina mamlaka ya kuuitisha wala kuuendesha. Katika vijiji vya wilaya jirani, Mkinga, Muheza na Pangani, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwanakamati wa kule anaweza kuuliza bila woga ule wa robo mwaka iliyopita ulifanyika lini. Mkutano wa hadhara wa chama ni kitu kingine kabisa: huo unatolewa taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla. Mambo huharibika pale hii miwili inapochanganywa. Wanakamati kumi wakiingia mkutano wa mtaa na sare, wasio wa chama chao hunyamaza au huondoka, na mwenyekiti, hata akiwa wa chama hichohicho, hujiona ameviziwa. Sare zibaki nyumbani siku hiyo.

Halafu chagueni jambo moja. Kamati zinazopeleka mambo sita kwa mpigo, taa za barabarani, maji, mtaro, mikopo, taka, wezi, huondoka na ahadi sita na hakuna hata moja iliyoandikwa. Jambo zuri la kuanzia ni linaloonekana kwa macho, linalogusa nyumba nyingi, na lenye mwenyewe anayejulikana serikalini. Hapo pa mwisho ndipo wengi hukwama. Barabara za mitaani zipo chini ya TARURA tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Bomba la maji ni la Tanga UWASA. Nguzo ya umeme ni ya TANESCO. Uzoaji taka na masoko ni mambo ya halmashauri ya jiji. Ukimbana mwenyekiti wa mtaa kwa mtaro ulio pembeni ya barabara kuu, anachoweza kukufanyia ni barua tu. Basi ombeni hiyo barua, na muombe tarehe ya kuandikwa kwake.

Tuchukue mtaro wa barabara ya mtaani. Malalamiko ya kawaida huwa hivi: "Mtaro wetu mbovu, mvua ikinyesha tunapata tabu." Hakuna mhandisi anayeweza kufanya lolote na sentensi hiyo. Chukueni futi kamba, vijana wawili na daftari. Pimeni urefu wa sehemu iliyoziba kwa mita, kutoka alama inayojulikana, kwa mfano kona ya msikiti hadi kwenye kalavati. Pimeni upana wa juu na kina, mara mbili: panapopitisha maji na palipojaa tope, maana tofauti ya vina hivyo viwili ndiyo inayoonyesha kiasi cha tope la kuzolewa. Angalieni mdomo wa kalavati: bomba la zege limevunjika, au limezibwa na mifuko ya plastiki na vifuu vya nazi? Matengenezo yake si yale yale. La kwanza linahitaji fedha za mradi. La pili linaweza kwisha kwa majembe na machepe Jumamosi moja, na kamati ikapata heshima kubwa kuliko ya mkutano wowote wa hadhara. Hesabuni nyumba zinazoingiliwa na maji, na alama ya maji ukutani ipigwe picha huku mtu ameshika rula kando yake. Mtaani kama Ngamiani, ambako barabara zina namba, tajeni namba ya barabara na nyumba iliyo karibu. Msiandike "kule kwa mzee wa kahawa".

Barua iwe ukurasa mmoja kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji. Itaje jambo, vipimo, idadi ya nyumba, na ombi moja: liwe ajenda ya mkutano mkuu ujao. Iandikwe kwa jina la wakazi na kusainiwa na wakazi. Ikiandikwa kwa karatasi yenye nembo ya chama, jambo limeshakuwa la upande mmoja kabla halijasomwa. Chapeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, inarudi kwenu. Barua isiyo na muhuri huwa haijafika, hata kama ulimkabidhi mtu mkononi huku mnatazamana. Mtendaji akisema muhuri haupo, mwombeni aandike kwa mkono "nimepokea", jina, tarehe na saini.

Muda nao una nguvu kuliko hoja. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Vipaumbele vya mitaa hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, kisha hupanda halmashauri. Jambo la kuhitaji fedha likiibuliwa Aprili, katikati ya masika, kila mtu atalikubali na bajeti itakuwa imekwishafungwa. Liibueni vuli, Oktoba au Novemba, ambapo mvua za kwanza zimewakumbusha watu na mipango bado inakusanywa. Baada ya mkutano wa mtaa, mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kumuuliza diwani kama jambo lilisomwa kwenye kikao cha kata. Anauliza hilo tu.

Sasa watu. Tangazo la spika hutoa habari, lakini kinachomtoa mtu nyumbani ni kufuatwa. Kamati ya watu saba, kila mmoja akichukua nyumba 12, imefikia nyumba 84 kwa jioni mbili. Piga hodi mara tatu. Kimya, ondoka, urudi kesho. Ukikaribishwa, salimia wakubwa kwanza, kaa barazani ulipokaribishwa, usikimbilie kufungua daftari. Kisha sema kwa ufupi: "Shikamoo bibi. Jumapili saa kumi kuna mkutano wa mtaa, na mtaro umewekwa ajenda ya tano. Kutoka nyumba hii atakuja nani?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye kazi. "Mje wote" haimfungi mtu. "Atakuja nani" inaifanya nyumba ikubaliane papo hapo. Andika jina la kwanza tu. Usiombe namba ya kitambulisho cha mpiga kura wala cha NIDA, hata kwa nia njema: watu wataogopa, wana haki ya kuogopa, na hofu hiyo hufika barabara ya pili kabla yako.

Kwa mitaa ya pwani, Chongoleani, Mnyanjani au Tongoni, siku hupangwa na bahari. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu mbalamwezi huzishinda taa. Ndizo siku za kuwapata nyumbani. Lakini mwezi mpevu ni bamvua pia, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na yanapokupwa sana, kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kina mama wapo mwambani wanatafuta pweza na chaza. Mkutano wa asubuhi siku hizo unawaacha nje watu wanaojua zaidi kuhusu ufukwe kuliko mtu yeyote. Saa kumi, baada ya swala ya alasiri, inawafaa wote: maji yamejaa, pweza wameshauzwa, na kabla ya magharibi kuna zaidi ya saa mbili. Tarehe anaipanga mwenyekiti, lakini hakuna mwenyekiti anayekataa ushauri utakaomjazia mkutano. Mpelekeeni wiki tatu kabla, kwa adabu, akiwa peke yake.

Siku yenyewe, msemaji wa jambo awe anayeingiliwa na maji, si katibu wa tawi. Mama aliyelala na watoto juu ya meza usiku wa mvua akisema dakika tatu, na kijana akasoma vipimo, hakuna la kuongeza. Kina mama wengi hukaa nyuma na kuzungumza wao kwa wao. Mwombeni mwenyekiti mapema awape nafasi ya kwanza kwenye ajenda hiyo, maana wakishatangulia wanaume watano kusema, ya sita hawaiombi. Kamati iwe na mtu wa kuandika mambo manne tu: nini kimeamuliwa, nani atafanya, lini, na nani aliliunga mkono azimio. Kabla mkutano haujafungwa, mmoja asimame aombe mtendaji asome azimio kama alivyoliandika. Hapo ndipo mara nyingi hugundulika kwamba "TARURA waandikiwe barua kabla ya tarehe 15" limeandikwa "suala la mtaro lilijadiliwa". Lisahihishwe palepale, bila makelele.

Ajenda ya mapato na matumizi nayo isipite kimya. Taarifa isomwe kwa tarakimu: kiasi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kwa kazi gani. Michango ya ulinzi na ya taka iwe na stakabadhi. Ikisomwa harakaharaka, ombeni ibandikwe ubaoni, na kesho yake mtu apite atazame ubao. Ukikuta tangazo la robo mwaka uliopita limefifia kwa jua, hilo nalo ni swali la Yatokanayo. Ubaoni hapo pia hutundikwa nafasi za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kamati inayosambaza tangazo hilo kwa nyumba zote, si kwa wanachama wake tu, huaminiwa hata na wapinzani wake.

Wekeni faili. Barua zenye muhuri, vipimo, picha zilizochapwa, daftari la maazimio. Lisikae kwenye simu ya katibu, kwa sababu simu huibiwa na makatibu hubadilishwa, na mtaa unabaki unaanza upya.

Kuna jambo moja la uchaguzi ambalo kamati haipaswi kulingojea. Uchaguzi wa serikali za mitaa hutumia orodha yake ya wapiga kura, inayoandikwa mtaani au kitongojini chini ya usimamizi wa TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tume ya Uchaguzi. Mwaka 2024 uandikishaji wa orodha hiyo ulikuwa wa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura zikapigwa tarehe 27 Novemba. Mtu mwenye kadi ya mpiga kura mfukoni ambaye hakupita kuandikwa siku hizo hakuwa kwenye orodha, na wengi hulielewa hilo wakiwa tayari wamesimama kituoni. Kwa wagombea, umri ni miaka 21 na kuendelea na ni lazima wadhaminiwe na chama. Fomu nyingi huharibikia kwenye vitu vidogo, jina lililotofautiana na lile la kwenye orodha, nafasi iliyoachwa wazi, jina la mtaa lililokosewa, saini ya ngazi ya chama isiyohusika. Mtu asiyeijua fomu asome mbele ya mgombea kila mstari kwa sauti kabla haijarudishwa.

Awamu inayofuata inatarajiwa 2029. Daftari lile la nyumba 84 linaweza kuwa na safu moja zaidi tangu leo: vijana wa kila nyumba watakaokuwa wamefikisha miaka 18 wakati huo, na waliohamia mtaani tangu uchaguzi uliopita. Hao ndio wa kugongewa hodi siku ya kwanza ya uandikishaji, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.