Chupa ya sodiamu mbili

Kipande cha tishu kikishalala kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, protini zake hushikamana, na kingamwili tunayotaka ing'ang'anie shabaha yake haipati pa kupita. Ndiyo maana slaidi za saratani ya matiti, kabla ya kupima vipokezi vya estrojeni, tunazichemsha dakika 20 katika bafa ya sitreti, yaani myeyusho unaoshikilia kiwango chake cha asidi, yenye pH 6.0, kisha tunaziacha zipoe humo humo.

Lita moja ya bafa hiyo naitengeneza bila kufungua daftari: gramu 2.94 za trisodiamu sitreti yenye molekuli mbili za maji, ndani ya maji yaliyokenekwa. Myeyusho huo huanzia karibu pH 8, hivyo unaushusha kwa asidi ya haidrokloriki, tone kwa tone, hadi 6.0. Mwisho unatia nusu mililita ya Tween 20, aina ya sabuni laini.

Asubuhi hiyo chupa ya zamani ilikuwa imekwisha. Nikafungua mpya, nikapima, nikakoroga, nikatumbukiza elektrodi. Mita ikasoma 5.1, na asidi sijaigusa bado.

Nilidhani mita imeharibika. Nikaiosha elektrodi, nikaijaribu kwenye bafa za kusawazishia, ya 4 na ya 7. Zote zikasoma sahihi. Mwenzangu alikuwa akinitazama. "Dada, mita haina shida. Hebu tuisome chupa."

Lebo ilisema daisodiamu haidrojeni sitreti. Asidi ya sitriki ina haidrojeni tatu za kuachia, na pKa zake, yaani pH ambazo kila moja huwa nusu imeachiwa, ni 3.13, 4.76 na 6.40. Katika chumvi niliyoizoea zote tatu zimeshaondoka. Katika hii moja ilikuwa bado imebaki, ndiyo maana myeyusho ulikuwa upande wa asidi tangu mwanzo. Nilishtuka sana. Kama ningemimina asidi kwa mazoea bila kupima, pH ingeshuka zaidi, viini vya seli, ambavyo vipokezi vikiwepo hukolea rangi ya kahawia, vingeweza kutoka vimepauka, na mwanamke ambaye uvimbe wake una vipokezi angeandikiwa kwamba hana. Jibu hilo ndilo daktari analitazama anapoamua kama atampa tamoxifen, dawa inayozuia vipokezi hivyo.

Stoo hawakuwa na chupa nyingine, na slaidi zilikuwa zinasubiri. Tukakaa na kalamu. Kinachotakiwa ni milimoli 10 za sitreti kwa lita, kwenye pH 6.0. Ukifika hapo kwa kushuka au kwa kupanda, mgawanyo wa ioni za sitreti ni uleule. Kinachobadilika ni uzito: chumvi yetu, yenye molekuli moja na nusu ya maji, ina uzito wa moli wa 263.11, si 294.10. Nikamwaga ule wa kwanza, nikapima gramu 2.63, na safari hii nikapandisha kwa haidroksidi ya sodiamu. Nilikwenda polepole mno, maana kuvuka 6.0 ni rahisi na sikutaka kuanza kurudisha kwa asidi.

Sikuziweka slaidi za wagonjwa kwanza. Nilichemsha slaidi ya udhibiti peke yake, tishu ya matiti ambayo tulishajua ina vipokezi. Chini ya hadubini viini vilikuwa vya kahawia, vimekolea, na sehemu za pembeni zimebaki safi. Ndipo nikaingiza zilizobaki.

Kwenye kizibo cha ile chupa nimeandika kwa kalamu nene: SODIAMU 2, GRAMU 2.63, PANDISHA KWA BESI.